Nusu Sasa, Nusu Akishinda

Mashati mia mbili na arobaini, kitambaa cha kahawia,
mfukoni patasi ndogo kwa uzi mweupe:
alama ya Bulengera, anayetaka urais.
Mringi alihesabu noti juu ya cherehani yangu
akazifunika kwa kiganja kama anayeficha karata.
"Nusu sasa, fundi. Nusu akishinda."
Nami, kwa kiherehere cha ada ya shule, nikaandika risiti.

Toka siku hiyo najifunza hesabu ya nchi.

Redio ya duka la pili inasema mikoa mingi imeshaolewa,
haiposwi tena. Imebaki mitatu,
na wetu ni mmojawapo,
na mkoa wetu utaamuliwa na Moshi, na Moshi na kata tatu:
Njoro, Pasua, Kiboriloni.
Nimezichora kwa chaki mezani kama vipande vya suruali.
Njoro anaipata.
Pasua, labda, mvua isiponyesha.
Kiboriloni wanapokezana kata ya mbege, wanacheka,
hawasemi.

Mimi napima vifua. Inchi arobaini na mbili, thelathini na nane.
Tepu haifiki ndani.
Lakini mtu akinyoosha mikono ili apimwe
hunena, kwa kuwa haniangalii usoni.
Mmoja: "Ndiye wa kwanza kututaja sisi wa mikokoteni."
Mwingine, pini ikimgusa bega: "Yule?
Amesema watu wa kuja warudi walikotoka.
Mama yangu alishuka hapo stesheni na sanduku la bati,
na kaburi lake liko hapa hapa. Arudi wapi?"
Wa tatu aliyasema yote mawili
kabla sijafika kiunoni.

Dada yangu Ndeshi amebandika picha yake kwenye ubao,
ameisimamisha juu ya kabati la vyombo.
Shemeji huigeuza iangalie ukuta.
Asubuhi Bulengera anatutazama tukinywa chai,
jioni anatazama plasta.
Wenyewe hawajasemezana tangu kipaimara cha Anaeli.
Chumvi inaombwa kupitia kwa Anaeli.

Nilikwenda Mashujaa kumsikiliza.
Ana sauti nzuri, hapo ndipo penye kazi.
Alisema "wao" na umati mzima ukageuka,
kila mtu akimkagua jirani yake:
nani anapiga makofi, nani mikono i mfukoni.
Wangu ulikuwa mfukoni,
umeishika risiti.

Juzi akapita binti wa utafiti, Tumsifu, na kishikwambi chake.
Arobaini na saba kwa arobaini na saba, akanieleza,
waliobaki wanasema hawajui.
Nikamuuliza, hao wasiojua ni akina nani?
Akayatazama mashati yaliyoning'inia hadi darini,
akanitazama mimi,
akabonyeza kitu.

Usiku silali, najumlisha.
Akishinda: ada ya Kunda, deni la kitambaa kwa Somji,
na yule wa sanduku la bati, sijui nitampimaje tena.
Akishindwa: nusu ya jasho langu imekwenda na maji,
na vijana watafutia baiskeli kahawia yangu.
Kuna saa namwombea. Najisikia nikimwombea,
midomo inacheza gizani,
halafu namkumbuka yule mama ndani ya udongo
naanza upya, kuanzia Njoro.

Keshokutwa ni kura.
Limebaki shati moja, la mia mbili na arobaini,
patasi bado ni ya chaki, ukiipuliza inatoka.
Mringi amepiga simu mara tatu tangu adhuhuri.
Redio inasema Pasua imehama, hairejei, inasema imerejea.
Kiboriloni, nasikia, bado wanacheka.

Sindano ina uzi.
Mguu uko juu ya pedali.